Kidonge cha nani? Kisa cha ndugu wawili wa Busia na dawa za kulenga saratani

Mwanamke mwenye saratani ya damu, aliyeendelea vizuri kwa mwaka na nusu, amerudi kliniki Kampala na kipimo kinachoonyesha ugonjwa umeanza kupanda tena. Anasema hajaacha dawa. Hana homa, hajakonda, tumbo halijajaa. Daktari ana karatasi moja mkononi na sababu tatu zinazowezekana, na kila sababu inadai hatua yake: kubadilisha dawa, kuondoa kitu kinachoipinga, au kumsaidia mgonjwa aimeze inavyotakiwa. Akikosea, atamhamishia mama huyu kwenye dawa nyingine iliyo ghali bila sababu, au atamwacha kwenye dawa isiyomfaa tena.

Kisa hiki nimekijenga kutokana na mambo yanayowapata wagonjwa wengi wa aina hii, nikayaweka katika familia moja ili yaeleweke. Msomaji wa Busia asimtafute jirani yake humu. Nimekiandika kwa sababu dawa za kulenga saratani, yaani zile zinazoshambulia kitu kimoja mahususi kwenye chembe za saratani, zinazungumzwa sana siku hizi, redioni na kwenye makundi ya WhatsApp, na zinazungumzwa kana kwamba ni dawa yenye nguvu zaidi ambayo kila mwenye kansa angepewa ikiwa tu ana pesa. Sivyo zilivyo, na imani hiyo inaumiza watu.

Mama wa mitumba

Mwanamke huyo ana miaka 43, anauza nguo za mitumba upande wa Uganda, hatua chache kutoka mpakani. Kabla ya kugunduliwa alichoka kwa miezi mingi, akawa anatoka jasho usiku, na upande wa kushoto wa tumbo ukawa mzito kiasi kwamba matonge mawili ya posho yalimtosha. Alitibiwa malaria mara kadhaa. Sioni wa kumlaumu kwa hilo. Kwenye eneo lenye malaria, na lenye kichocho kwa walio karibu na ziwa, wengu uliovimba ni jambo la kila wiki.

Kilichofungua macho ni kipimo cha kuhesabu chembe za damu. Chembe nyeupe, ambazo kwa mtu mzima huwa kati ya 4,000 na 11,000 katika maikrolita moja ya damu, zilifika 260,000. Hapo akapewa barua ya kwenda Kampala, Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanza kazi Mulago mwaka 1967.

Huko damu yake ilipimwa kitu kimoja mahususi kinachoitwa BCR-ABL. Kilikuwepo. Jina la ugonjwa likawa lukemia sugu ya mayeloidi, na kuanzia hapo matibabu yakaacha kuwa ya kubahatisha.

Ndani ya chembe zetu kuna kromosomu, nyuzi zinazobeba jeni. Katika ugonjwa huu, kromosomu ya 9 na ya 22 hukatika na kubadilishana vipande. Watafiti wa Philadelphia waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida kwa wagonjwa hawa mwaka 1960, na mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kwamba ufupi ule unatokana na kubadilishana huko. Mahali vipande vinapoungana panazaliwa jeni mpya, BCR-ABL, na jeni hiyo hutengeneza protini yenye kazi moja: kuiamrisha chembe igawanyike. Protini za kawaida za aina hii huwaka na kuzimika. Hii haizimiki. Ni kama trafiki wa pale mpakani ambaye mkono wake umeganda kwenye ishara ya kupita: malori yanaendelea kuingia mjini usiku na mchana, hata pa kuegesha pakiwa hapapo.

Imatinibu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Glivec, hukaa kwenye kishimo cha protini ile ambamo protini huchukua nguvu ya kufanyia kazi. Kishimo kikiwa kimejaa dawa, amri haitoki, na chembe zilizokuwa zinaishi kwa amri hiyo zinakufa. Kemotherapi ya kawaida hupiga chembe yoyote inayogawanyika haraka, ndiyo maana nywele hudondoka, mdomo hupata vidonda na tumbo huharibika. Imatinibu inatafuta protini chache tu. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2001. Kabla yake, mgonjwa kama mama huyu angeishi miaka mitatu hadi mitano hivi kabla ugonjwa haujageuka kuwa mkali. Katika utafiti mkubwa uliowafuatilia wagonjwa walioanzishiwa imatinibu, baada ya miaka 10 takriban asilimia 83 walikuwa hai. Katika historia nzima ya kansa sijui mabadiliko mengi ya ukubwa huo.

Dawa yenyewe hakuinunua. Mwaka 2002 kampuni ya Novartis, pamoja na shirika la The Max Foundation, ilianzisha mpango wa kuwapa imatinibu bure wagonjwa wa nchi zenye kipato kidogo, na kupitia misaada ya namna hiyo watu wengi wasio na uwezo wameipata. Sharti kubwa la kuingia ni kipimo: bila ushahidi wa BCR-ABL hupewi. Wengi huliona sharti hilo kama ukiritimba wa kumchosha maskini. Mimi naona ndilo lililo sahihi kuliko yote, na huko mbele itaonekana kwa nini.

Mwaka na nusu wa kwanza

Alipewa miligramu 400 kwa siku, kidonge kimoja, pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji. Mwezi wa Ramadhani alikihamishia kwenye futari, baada ya kuuliza kwanza. Maendeleo ya ugonjwa huu hufuatwa kwa kiasi cha BCR-ABL kilichobaki kwenye damu: kinatakiwa kishuke hadi asilimia 10 au chini ya hapo ifikapo mwezi wa tatu, asilimia 1 mwezi wa sita, na asilimia 0.1 mwezi wa kumi na mbili. Yeye alipata 8, kisha 0.9, kisha 0.08. Karibu namba za kitabuni. Kipimo hiki, kwa bahati njema ya nchi zetu, kinaweza kufanywa na mashine ya GeneXpert, ile ile inayopima kifua kikuu, ikiwekewa katriji yake.

Madhara hayakukosekana. Asubuhi kope zilivimba, usiku misuli ya miguu ilikaza, siku ya kwanza na ya pili alichafukwa na tumbo. Lakini lililomsumbua zaidi hakuna aliyemwonya. Kufikia mwezi wa sita uso wake ulianza kuwa mweupe. Sokoni wakaanza kusema anapaka mkorogo. Wifi yake akamwuliza waziwazi pesa za kujichubua anazitoa wapi, na mtu anayesema ana kansa anamrembea nani. Mama huyu alikuja kliniki siku hiyo akiwa amejitanda mtandio hadi puani, akamwambia daktari: "Musawo, bora nibaki na ugonjwa wangu kuliko maneno haya."

Ni dawa iliyofanya hivyo. Mbali na BCR-ABL, imatinibu huzuia protini nyingine iitwayo KIT, na chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi zinaihitaji KIT kufanya kazi yake. Kwa ngozi nyeusi tofauti huonekana wazi. Si hatari, na mara nyingi rangi hurudi dawa ikipunguzwa au ikiachwa, ila kuiacha dawa kwa ajili ya rangi ni biashara mbaya. Kilichomsaidia ni mume wake kuitwa na kuelezwa mbele yake, kisha mume akaenda kuongea na dada zake mwenyewe. Naomba kila anayetoa dawa hii kwa mtu mweusi aseme jambo hili siku ya kwanza, kabla ya mambo ya kope na misuli.

Kutoka 0.07 hadi 1.4

Mwezi wa kumi na nane alikuwa na 0.07. Kipimo kilichofuata kikatoka 1.4. Kikarudiwa baada ya wiki chache, kwa sababu maabara nayo huweza kuteleza, kikatoka 2.1.

Sababu ya kwanza ya kufikiria, na ndiyo inayoogopesha, ni kwamba shabaha yenyewe imebadilika. Saratani hugawanyika, na katika kugawanyika hukosea. Kosa dogo likitokea kwenye kile kishimo, imatinibu haikai tena. Yapo makosa mengi yanayojulikana kwa majina ya herufi na namba. Baya kuliko yote ni T315I, ambalo huzifukuza pia dasatinibu na nilotinibu, dawa zilizokuja baadaye, na hulazimu dawa nyingine kabisa. Kulitambua kunahitaji kipimo cha kusoma jeni, ambacho ni ghali na hakifanyiki kila mahali.

Ya pili ni dawa nyingine kuipiga kumbo imatinibu. Ini ndilo linaloivunja, na zipo dawa zinazolichochea ini livunje haraka zaidi, hadi kiasi kinachobaki kwenye damu kisitoshe. Kwa Uganda ya kwanza kuulizia ni rifampisini, inayotumika kwa kifua kikuu, kisha baadhi ya dawa za VVU kama efavirenzi. Mtu anaweza kuanzishiwa dawa za TB kwenye kituo cha afya cha karibu, kwa uangalifu wote, na hakuna aliyejua kwamba ana dawa nyingine anayochukua Kampala. Aliulizwa: hana TB, amepimwa VVU na hana, miti shamba hajanywa tangu agunduliwe. Kijitabu chake kilithibitisha.

Ya tatu ni dozi zinazorukwa. Hili ndilo huonekana dogo kuliko yote na ndilo lenye uzito mkubwa. Watafiti wa London walichapisha mwaka 2010 matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa kwa vifuniko vya chupa vyenye kifaa kinachorekodi kila kinapofunguliwa: waliomeza chini ya asilimia 90 ya vidonge walikuwa na nafasi finyu mno ya kufikia mwitikio mzuri. Asilimia 90 ni kuruka siku tatu tu katika mwezi.

Kwa hiyo aliulizwa kama anaruka. Akasema hapana. Akaulizwa tena kwa sauti ya kumtia hofu, akasema hapana, na machozi yakamlenga. Karatasi ya kuomba kipimo cha jeni ilikuwa tayari imeanza kuandikwa.

Muuguzi mmoja mtu mzima aliyekuwa akimpima presha ndiye aliyeuliza swali tofauti. Hakuuliza habari ya dawa. Aliuliza: "Mama, nyumbani nani mwingine anaumwa?"

Kimya. Kisha: "Dada yangu. Yule aliyenilea."

Akafungua mkoba. Ndani mlikuwa na kopo la maziwa ya unga lililooshwa vizuri, vidonge vimo ndani ya kitambaa. Kwa tarehe aliyopewa, vilitakiwa vibaki 12. Havikuwepo hata kimoja. Vya mwisho alikuwa amemwachia dada alfajiri ile kabla ya kupanda taksi ya Jinja. Kwa miezi mitano walikuwa wakipokezana: leo mdogo, kesho mkubwa. Hakuwa amedanganya. Kwa hesabu yake yeye alikuwa hajaacha dawa; alikuwa akiigawa, na kugawa kilichopo na ndugu aliyekulea si kosa katika nyumba yoyote ninayoijua. Ndiyo maana kila alipoulizwa kama anaruka dozi alijibu alivyojibu. Swali lilikuwa limemkosa.

Kitaalamu hili lilitosha kueleza namba. Nusu ya imatinibu hutoka mwilini ndani ya saa 18 hivi. Ukimeza siku moja na kuruka siku moja, BCR-ABL inapata saa nyingi za kufanya inavyotaka, wiki baada ya wiki. Na kibaya zaidi, dozi pungufu inazipa chembe zenye kosa jipya nafasi ya kuota, kwa hiyo sababu ya tatu huweza kuizaa ya kwanza. Uamuzi ulikuwa: arudi kwenye dozi kamili, apimwe tena baada ya miezi mitatu, na ikiwa haishuki ndipo jeni isomwe. Huo ndio uamuzi ambao ningeutetea mbele ya yeyote. Kumpeleka kwenye dawa ya daraja la pili siku ile kungetupa dawa nzuri ambayo haikuwa imeshindwa.

Dada mkubwa

Ana miaka 51. Miaka miwili nyuma aliona uvimbe kwenye titi la kushoto. Kliniki moja iliukata, ikamshona na kumwambia umetolewa wote, nenda nyumbani. Nyama iliyokatwa haikupelekwa popote. Ulipoota tena, safari hii na mtoki mgumu kwapani, alikuwa amekwisha kumaliza akiba na akawa anaona haya kusema. Mdogo wake alimwona anavyobadilisha kanga ili kuficha, akaelewa. Wote wawili wana kansa, wametoka tumbo moja, na mmoja ana dawa ya Kampala inayofanya watu wasife. Nani asingefikiri hivyo?

Kwa miezi mitano dada mkubwa alimeza imatinibu ya nusu dozi. Macho yakamvimba kama ya mdogo wake, na wote wawili wakafurahi, wakijua dawa imeshika. Uvimbe ukaendelea kukua.

Macho yalivimba kwa sababu madhara ya dawa hayahitaji saratani. Dawa inagusa tishu za mwenye afya na za mgonjwa. Lakini faida yake inahitaji shabaha. Kwenye titi la dada hakukuwa na BCR-ABL. Ile jeni ya mdogo haikutoka kwa wazazi: ilizaliwa ndani ya chembe moja ya uboho wake yeye, katika maisha yake yeye, na haimpiti mtu kwenda kwa mwingine, si kwa damu, si kwa kuzaa. Hili lilihitaji kusemwa mara nyingi nyumbani kwao, kwa sababu kijijini walishaanza kuuliza ni nani aliyeifunga familia ile.

Sehemu ya mwili ambako kansa imeanzia haitoshi kuamua dawa, na hapa ndipo wengi hupotea. Kuna uvimbe wa ukuta wa tumbo na utumbo uitwao GIST, na huo hutibiwa kwa imatinibu hiyo hiyo tangu 2002, kwa kuwa wengi wa wagonjwa wake wana kosa kwenye KIT, protini ile ile iliyoondoa rangi usoni kwa mama wa mitumba. Jirani mwenye GIST, asiye na udugu wowote naye, angefaidika na kidonge kile. Dada wa tumbo moja hapana.

Na kujua kosa peke yake hakuleti dawa. Pale pale Mulago, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya kwa watoto ambao leo unaitwa kwa jina lake. Nao una kromosomu zilizobadilishana vipande, mara nyingi ya 8 na ya 14, na jeni iliyochochewa, MYC, inajulikana kwa miongo mingi. Mpaka leo watoto hao hutibiwa hasa kwa kemotherapi ya kawaida, na wengi hupona kwayo. Anayeidharau kemotherapi kwa kuwa ni ya zamani hajawaona.

Kiwanja kisichouzwa

Mtoto wa kiume wa dada, anayeendesha boda, alikuwa amesikia habari za trastuzumabu, sindano ya kulenga kansa ya titi. Aliyoyasikia yalikuwa kweli. Sindano hiyo hushika protini iitwayo HER2 juu ya chembe za saratani, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na mwaka 2019 likathibitisha ubora wa nakala yake ya kwanza ili bei iweze kushuka. Kwa wanaoihitaji baada ya upasuaji hutolewa kwa mwaka mzima, na moyo hupimwa mara kwa mara kwani huweza kuulegeza. Hata bei ikishuka, ni mzigo. Familia ilikuwa na kiwanja karibu na barabara ya Tororo, na mnunuzi alikwisha kupatikana.

Lakini ni wanawake 15 hadi 20 katika kila 100 wenye saratani ya titi ambao uvimbe wao una HER2 ya ziada. Waliobaki hawapati faida kwa sindano hiyo. Kijana aliambiwa: usiuze kwanza. Alikasirika, na nilimwelewa. Kusubiri karatasi wakati mama yako anaoza kidonda ni adhabu.

Kipande kilichokatwa mara ya kwanza kingekuwa kimejibu swali miaka miwili mapema. Sasa alichomwa sindano nene, vipande vyembamba kama njiti vikatolewa, na safari hii vikaingia kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama, kabla saa haijapita, vikakaa humo muda unaotakiwa, usiopungua saa 6 wala kuzidi 72. Natamani kila anayekata uvimbe, hata kwenye hospitali ndogo kabisa, alichukulie jambo hili kama sehemu ya upasuaji wenyewe. Nyama ikikauka mezani, au ikiwekwa kwenye maji ya chumvi kwa siku mbili, protini huharibika, na jibu la maabara huweza kusema hakuna mahali ambapo ipo. Mgonjwa hunyimwa dawa inayomfaa na hakuna atakayejua kamwe. Chupa ya formalini, na karatasi yenye jina na saa ya kukata: hapo ndipo tiba ya kulenga inapoanzia au kufia.

Jibu lilikuja. HER2 ilisomeka 1+, yaani hasi. Ingekuwa 3+ ingekuwa chanya bila ubishi, na 2+ ingehitaji kipimo cha pili. Lakini vipokezi vya estrojeni, yaani sehemu za chembe zinazoipokea homoni hiyo ya kike, vilikuwa vingi. Uvimbe wa dada ulikuwa unakula estrojeni, na dawa inayoziba vipokezi hivyo ipo tangu miaka ya 1970: tamoksifeni, kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku, bei yake haifanani hata kidogo na ya sindano ile. Wengi hawaihesabu kati ya dawa za kulenga kwa kuwa ni ya zamani na ya bei ndogo. Mimi naihesabu. Ina shabaha inayojulikana, ina kipimo kinachotangulia, na asiye na vipokezi haimsaidii. Vigezo vingine vya kuiita dawa ya kisasa sivioni.

Haikutosha peke yake, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umefika kwapani. Alianza na kemotherapi kupunguza uvimbe, kisha titi likatolewa, kisha mionzi. Nywele zilikwenda. Zile siku za kemotherapi ndizo mdogo wake alizomfulia na kumpikia uji, na hizo zilimfaa kuliko vidonge vyote alivyogawiwa.

Wapo wanaosema mama wa mitumba alipaswa kuonywa kwa kutolewa kwenye mpango wa dawa za bure. Nalipinga hilo kwa nguvu zote. Alipewa dawa kwa kipimo, lakini hakuna aliyemweleza kwamba kipimo kile ndicho kilichoifanya iwe yake na si ya mwingine. Aliambiwa "meza kila siku", akatii mpaka siku alipoona mtu anayemhitaji zaidi. Sasa kwenye kliniki ile mgonjwa mpya huonyeshwa karatasi yake ya BCR-ABL, husomewa jina lake juu yake, na huambiwa kwa maneno ya kawaida kwamba kidonge hiki kinatafuta kitu hiki, na asiye nacho hakitamsaidia hata akikinywa mwaka. Kisha huulizwa nani mwingine nyumbani anaumwa, na huyo naye huandikiwa aje.

Miezi mitatu baada ya kurudi kwenye dozi kamili, mama wa mitumba alipata 0.6. Mitatu mingine, 0.09. Kipimo cha jeni hakikuhitajika. Uso wake bado ni mweupe kidogo na wifi yake ameacha kuuliza. Kiwanja kipo. Dada mkubwa anameza tamoksifeni yake jioni, atakuwa nayo kwa miaka isiyopungua mitano, na ameambiwa kwamba akiona damu ukeni, kwa umri wake, aende hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja tarehe ya kliniki.